Mawe ya Meru yasikutie hofu, fosfeti ibaki shambani

Naulizwa kama mawe ya Meru yana mionzi. Yana, kama yalivyo mawe yote, mchanga na udongo. Kwa maoni yangu, hilo lisikuzuie kujenga.

Kinachonitia wasiwasi ni kifusi cha mwamba wa fosfeti wa Minjingu, kule Babati. Una urani nyingi kuliko mawe ya kawaida. Shambani sina ugomvi nao, mfuko mmoja unautawanya ekari nzima. Ila ukijazia sakafu tripu nzima, utalala juu yake miaka yote. Urani hiyo huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linaitaja kati ya visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu, baada ya sigara.

Kwa hiyo muulize dereva kifusi amekitoa wapi. Mbolea iweke stoo, si chini ya kitanda. Na matundu ya hewa usiyazibe kwa matambara baridi ya Juni ikianza (wenye jiko la mkaa ndani ndio kabisa, hilo linaua usiku mmoja). Ukibaki na shaka, Tume ya Nguvu za Atomiki wapo Njiro, wana maabara ya kupima.