Ungefunga wewe? Sawa, lakini ungeiweza ile kazi?

Hapa Lubumbashi, Jumatatu ni siku ya hukumu. Kinyozi anahukumu, dereva wa teksi anahukumu, mama muuza makala naye anahukumu. Wanaohukumiwa ni wachezaji wa Mazembe, wa Lupopo au wa Léopards, kulingana na nani alicheza jana. Na redioni, katika kipindi cha michezo, hazipiti simu tatu bila kusikia sentensi ile ile: « Ile hata mimi ningefunga! »

Leo nataka tuichukue sentensi hiyo kwa uzito wake. Je, wewe shabiki wa kawaida, ungeiweza kazi ya mchezaji wa kulipwa? Jibu langu ni hapana. Lakini sababu si ile ambayo wengi wanaifikiria, na ndiyo maana ninaandika.

Tuanze na miguu

Mchezaji wa kiungo hukimbia kilomita kumi au zaidi katika mechi moja. Wewe utasema: hata mimi naenda kwa mguu kila siku toka Katuba mpaka mjini. Sawa, lakini huko kwenu hakuna mtu anayekugonga bega kila dakika. Mchezaji anakimbia, anasimama ghafla, anageuka, anaruka, anaanguka, anaamka, na wakati huo huo anatakiwa afikirie. Nenda Jumapili asubuhi ukawatazame wababa wanaocheza kwa kunyoosha viungo. Dakika ya ishirini, mikono tayari iko kiunoni. Na wale ndio wenye mazoezi kati yetu.

Watu wengi wanalikubali hilo bila shida. Wanasema: kukimbia hapana, lakini penalti ningefunga. Mita kumi na moja tu, goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Ukiwa umekaa kwenye kiti, lile goli ni kubwa kama mlango wa hangari.

Basi tukumbuke Kombe la Afrika kule Ivory Coast, Januari 2024. Cédric Bakambu, mmoja wa wafungaji wakubwa ambao Léopards wamewahi kuwa nao, alipiga penalti dhidi ya Moroko na mpira ukagonga mwamba. Mtu aliyeishi kwa kufunga magoli, Ulaya na Asia! Siku chache baadaye, tarehe 28 Januari, tulicheza na Misri mjini San Pédro. Moja kwa moja, halafu penalti. Wachezaji wakapiga mpaka zamu ikawafikia makipa. Kipa wa Misri akagonga mwamba wa juu. Kipa wetu Lionel Mpasi akaweka mpira chini, akapiga, akafunga: 8 kwa 7. Usiku ule nchi nzima ilikuwa barabarani.

Mpasi na Bakambu walipiga toka alama ile ile, goli lenye upana ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja alibebwa kama mfalme na mwingine alitukanwa. Kwa hiyo swali si kama mguu wako unaweza kusukuma mpira mita kumi na moja. Swali ni kama unaweza kwenda pale ukijua kwamba ukikosa, jina la mama yako litatajwa kesho sokoni.

Na ulimi, je?

Shabiki akikasirika anamtukana mwamuzi, anatupa chupa, kesho yake anakwenda kazini kama kawaida. Mchezaji hana ruhusa hiyo. Trésor Mputu wa Mazembe mwaka 2009 alikuwa mchezaji bora kati ya wote wanaocheza ndani ya Afrika. Mwaka 2010 alimshambulia mwamuzi katika mechi kule Kigali, na FIFA ikamfungia mwaka mmoja. Desemba ya mwaka ule ule, Mazembe ilikuwa Abu Dhabi, ikaipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu. Mechi kubwa kuliko zote katika historia ya mji wetu, na Mputu hakuwemo. Sitetei alichofanya. Ninauliza tu: kati yetu tunaopiga kelele pale Kamalondo, ni wangapi wangemaliza msimu mmoja bila kufungiwa?

Shida iko kwenye neno « kucheza »

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mtoto wa miaka mitano anacheza, na Chancel Mbemba naye tunasema anacheza. Fundi anajenga, mchimbaji anachimba, mwalimu anafundisha; hakuna anayesimama nyuma ya fundi na kusema « hata mimi ningesimamisha huo ukuta ». Lakini mchezaji « anacheza », basi tunaona kama hafanyi kazi. Na mtu asiyefanya kazi, nani atauliza kama amelipwa?

Mfano mkubwa ni wa mtoto wa Mazembe, hayati Mwepu Ilunga. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tarehe 22 Juni, kule Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Brazil walipata mpira wa adhabu. Filimbi ilipolia, Mwepu alitoka kwenye ukuta mbio na kuupiga ule mpira mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Akapewa kadi ya njano. Dunia ilicheka, na kwa miaka mingi televisheni za nje ziliendelea kuonyesha picha ile: tazameni Waafrika, hata sheria za mpira hawazijui.

Lakini fikiri kidogo. Miezi mitatu tu kabla, timu ile ile ilikuwa imechukua Kombe la Afrika kule Misri. Mtu atachukuaje Kombe la Afrika bila kujua mpira wa adhabu ni nini? Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alifanya makusudi. Sheria alizijua vizuri. Wachezaji walikuwa wameahidiwa pesa na hawakupewa, na hakuona kwa nini aumie kwa faida ya watu waliokaa jukwaani. Alisema pia kwamba baada ya kipigo cha 9 kwa 0 cha Yugoslavia, watu wa Mobutu waliwatisha: mkifungwa nne na Brazil, hamrudi nyumbani. Mechi iliisha 3 kwa 0.

Kile watu walichokiita kichekesho kilikuwa malalamiko ya mfanyakazi ambaye hajalipwa. Angekuwa mchimbaji ametupa sururu chini, kila mtu angeelewa. Kwa sababu alikuwa « anacheza », walicheka. Alifariki 2015, Kinshasa.

Mwenzake Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika lile la 1974. Kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika kombe moja. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia na kumpiga risasi, wakidhani amerudi na pesa nyingi. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya shida, akafia huko 2019. Sisi tulikuwa tunajua idadi ya magoli yake kwa kichwa. Maisha yake hatukuyajua.

Usiseme hayo ni ya Mobutu, yamepita. Zungumza na vijana wa timu ndogo hapa mjini, waliosaini karatasi ambayo nakala yake hawajawahi kuishika mkononi. Watakueleza juu ya miezi bila mshahara, juu ya prime ya ushindi ambayo inasubiri mpaka leo, juu ya goti lililovunjika ambalo familia ndiyo ililipia hospitali. Shabiki anaona mshahara wa wale wa Ulaya kwenye simu yake na kudhani kila anayevaa jezi ni tajiri. Kuna wengine hutoka mazoezini bila franga za teksi, na wewe uliye barabarani unawapigia kelele kwamba hawana nguvu. Nguvu zitoke wapi kama bukari ni ya mara moja kwa siku?

Haki ya shabiki iko pale pale

Wengine watanijibu: sisi tunalipa tiketi, tuna haki ya kusema. Nakubali kabisa. Shabiki si lazima ajue kupika ili aseme chakula kina chumvi nyingi. Mchezaji akicheza vibaya, sema. Kocha akikosea kubadilisha watu, sema. Pia tusidharau kazi ya shabiki. Katika Kombe la Afrika la Moroko, dunia nzima ilimwona Michel Kuka Mboladinga amesimama mechi nzima, mkono juu, bila kutikisika, kama sanamu ya Patrice Lumumba. Kazi hiyo nayo si ya kila mtu. Mchezaji gani angeiweza?

Lakini haki ya kusema inakuja na haki ya kuuliza. Tunajua kuuliza kwa nini hakufunga. Tujifunze kuuliza pia: ana mkataba? Mkataba huo anao nyumbani? Mwezi uliopita alilipwa? Akiumia, nani anamtibu? Viongozi wa timu wanaogopa mashabiki kuliko wanavyomwogopa mchezaji mmoja anayedai peke yake, maana yeye wakimfukuza leo, kesho kuna kijana mwingine mlangoni. Mashabiki elfu tano hawafukuziki.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesema ungefunga, mimi nakuamini. Pengine ungefunga kweli, siku moja, kiwanja kikiwa kitupu na tumbo limeshiba. Ila kazi ya yule kijana ni kufunga mbele ya watu elfu kumi na tano, goti likiuma, mwezi wa tatu bila mshahara, akijua kwamba akifikisha miaka thelathini na tano hakuna atakayempigia simu. Hiyo ndiyo kazi. Kabla ya kumtukana, uliza kwanza kama wamemlipa.