Honi ya Ghafla Si Onyo

Dereva anayepiga honi kali nyuma ya mtembea kwa miguu hudhani amemwonya. La hasha! Amemshtua, na kushtua siyo kuonya.

Mwili wetu huitikia kishindo kwa njia mbili. Ya kwanza haingoji akili. Habari ya sauti hutoka sikioni hadi kwenye shina la ubongo, na mara misuli hupokea amri: macho hufumba, shingo hujikunja, mabega hupanda. Kope huanza kufumba kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijapita.

Njia ya pili ni ya hiari: kutambua sauti, kuamua, kisha kusogea. Hii huchukua muda zaidi, hasa mtu anapopaswa kuchagua kwenda kushoto au kulia.

Onyo husaidia njia zote mbili, ila si kwa namna moja. Wataalamu wamepima na kuona kwamba sauti hafifu ikitangulia kishindo kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, mshtuko hupungua, ingawa mtu hakupata nafasi ya kujiandaa. Kitendo cha hiari huhitaji muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mkimbiaji wa mita 100 huambiwa kwanza akae tayari, ndipo bastola ilie. Kwa kuwa anajua la kufanya, huondoka upesi. Lakini akiondoka kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde tangu mlio, kanuni humhesabia kosa, kwani huchukuliwa kuwa hakuusubiri.

Mtembea kwa miguu hana wa kumwambia akae tayari. Basi dereva apunguze mwendo, apige honi fupi angali mbali. Honi kali ya karibu huweza kumwangusha mzee, au kumfanya mtoto arukie upande wa hatari.

Hata wodini tukumbuke hayo. Mgonjwa wa pepopunda huweza kukakamaa mwili mzima kwa kishindo cha mlango tu. Wazee wetu walitufundisha kupiga hodi. Tuipige kwa upole, tungoje, ndipo tuingie.

Tena tusimcheke anayeshtuka. Huo si woga. Mwili wake umetenda kabla yeye hajaamua lolote. Wa kulaumiwa ni yule aliyeweza kumwonya mapema, asifanye hivyo.