Programu Isiyo na Mlango wa Kutokea ni Jela

Jamani, leo nina ugomvi. Nagombana na mafundi wa programu wanaomkaribisha mtu ndani kwa mbwembwe zote, halafu wanasahau kumwekea mlango wa kutokea.

Mfano wangu ni kifaa ambacho wengi wetu tuliosoma na kikokotoo kidogo cha sin na cos hatukukigusa: kikokotoo cha grafu, kinachotumika sana katika sekondari za Marekani. Chukua TI-83 Plus ya Texas Instruments, iliyotoka mwaka 1999. Ina prosesa ya Z80 na kumbukumbu ya takribani kilobaiti 24 kwa mtumiaji. Humo humo vijana waliandika magemu na zana za hesabu kwa lugha ya asembli, yaani kuiamuru prosesa moja kwa moja.

Sasa sikiliza. Programu ya BASIC ikikwama, unabonyeza ON, inakatika. Basi! Asembli haina huruma hiyo. Mfumo wa kikokotoo unaikabidhi programu usukani wote na kukaa pembeni. Programu ikianza kuzunguka bila mwisho, na tena ikiwa imeiambia prosesa isikubali kukatizwa, ON utaibonyeza mpaka kidole kiume. Dawa inayobaki ni kufungua mfuniko wa nyuma na kuchomoa betri. Kikiwaka tena, kumbukumbu ya kawaida imefutwa. Vilivyowekwa kwenye hifadhi ya kudumu vinapona. Fomula na programu nyingine zilizokuwa nje ya hifadhi hiyo... kwaheri!

Utawasikia watu wakisema: aah, kutoka haraka ni shida ya watoto wanaocheza gemu darasani, mwalimu akikaribia wafiche. Hoja dhaifu kabisa. Hata kama wapo wanaomkimbia mwalimu, anayepoteza kazi yake ya wiki nzima ni yule yule mwenye kikokotoo. Kile kifaa ni chake, hukumpangisha wewe!

Wengine wanadai nafasi ni ndogo. Haya, tuhesabu. Mwanzoni mwa programu unahifadhi thamani ya SP, kile kielekezi kinachoonyesha prosesa mahali pa kurudi: baiti 4. Mahali pa kuihifadhi: baiti 2. Wakati wa kutoka unairudisha: baiti 4. Kisha amri ya ret: baiti 1. Jumla baiti 11! Ongeza chache za kuangalia kitufe kila mzunguko, na chache za kurudisha ulivyovuruga, kama rejista IY ambayo mfumo unaitegemea. Kwenye kilobaiti 24, hiyo ni kama chumvi kwenye sufuria. Na hapo utaweza kutoka popote ulipo, hata ndani ya kazi iliyoitwa na kazi nyingine. Ukipiga ret kiholela bila kurudisha SP, prosesa itarukia mahali isipopajua na utaishia pale pale kwenye betri. Kutoka haraka si kutoroka. Ni kukabidhi nyumba kama ulivyoikuta.

Na mtengenezaji naye asijifiche nyuma ya mafundi. Mwaka 2020 Texas Instruments ilitoa matoleo mapya ya mfumo kwa TI-84 Plus CE na TI-83 Premium CE, ikaondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za asembli na C. Sababu iliyotolewa: usalama wa mitihani. Mitihani ni jambo zito, sibishi. Lakini kumfungia nje kila anayejifunza, miezi yote ambayo hakuna mtihani, ndiyo tiba? Fundi hakuweka mlango, kampuni ikajenga ukuta, na katikati kabaki kijana aliyetaka tu kujua mashine yake inafanyaje kazi.

Msimamo wangu ni huu: mlango wa kutokea uandikwe kwanza, kabla ya picha na kabla ya alama za ushindi. Jaribu kutoka katika programu yako mara kumi kabla hujampa rafiki. Ikishindwa hata mara moja, haijaisha hiyo, usimpe mtu.

Wewe unayeandika programu, za simu au za kompyuta, mtumiaji wako anatokea wapi?