Ngome Tunayo, Uwanja U Wapi?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Maskati, alikuja kututembelea Agosti mwaka 2025. Ni kijana wa miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake ni kile cha jikoni kwa mamake, kitamu, ila hapa na pale chaingiliwa na Kiarabu cha shuleni. Siku ya pili ya kuwasili kwake alinijia barazani akaniambia, "Mjomba, nionyeshe Mombasa." Nikafurahi mno. Ni nani asiyependa kuulizwa habari za mji wake? Nikavaa kanzu safi, nikatia kofia, nikachukua na bakora yangu, ambayo bado siihitaji lakini humpa mtu heshima yake, tukatoka.

Tulianza Ngomeni. Mkaazi wa Mvita aweza kupita mbele ya lango lile mwaka mzima asiingie, mpaka apate mgeni wa kumtembeza. Na mimi ni mmoja wao. Nikamweleza kijana kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mchoro wa fundi wa Kitaliani aitwaye Giovanni Battista Cairati, na kazi ikesha mwaka 1596. Nikamwonyesha kuta zilizosimama juu ya jabali la matumbawe, na mizinga iliyoelekezwa baharini. Nikamsimulia jinsi watu wa Oman walivyoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, muda wa karibu miaka mitatu, watu ndani wakimalizwa na njaa na maradhi. Nikamtajia pia jahazi la Kireno, Santo António de Tanna, lililokuja kusaidia likazama papo hapo chini ya Ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wakaanza kuvitoa vyombo vyake mwaka 1977.

"Basi babu zangu wa kule ndio walioshinda," akasema, na kifua kimemjaa. "Na babu zangu wa huku je, walikuwa wapi?"

Nikamwambia wengine walikuwa nje pamoja na Waomani, na wengine walikuwa ndani pamoja na Mreno. Hakupendezwa na jibu hilo. Lakini historia ya pwani yetu haina timu mbili zenye jezi mbalimbali, kila mchezaji akajulikana ni wa wapi.

Waingereza nao walipokuja waliifanya jela, tangu 1895 hadi 1958, na wazee wetu wakizoea kuiita Gereza. Ajabu ni kwamba neno hilo asili yake ni la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Mwaka 2011 UNESCO iliitia Ngome katika orodha ya turathi za dunia nzima. Twalipa kuingia, mgeni hulipa zaidi na mwananchi hulipa kidogo, na sioni vibaya, kwani kuta kama zile hazijitunzi wenyewe.

Kutoka hapo tukashika Ndia Kuu. Nikamwonyesha milango ya nakshi na roshani za mbao, na Msikiti wa Mandhry ambao hutajwa kuwa ni wa mwaka 1570 hivi, yaani ulikuwako hata kabla Mreno hajaweka jiwe la kwanza la Ngome yake. Tukanywa kahawa tungu kwa kipande cha haluwa. Siku ya pili yake tukaenda kuziona Pembe za Barabara ya Moi, ambayo watu wa rika langu bado twaiita Barabara ya Kilindini, zilizosimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme wa Uingereza. Mtoto akazigonga kwa kidole akasema, "Mjomba, hizi ni bati." Nikamwambia ni kweli, na ndovu wameshukuru. Jioni tukawa Mama Ngina, pale wenyewe twapaita Lighthouse, chini ya mibuyu, tukala mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu, meli zikipita karibu nasi kana kwamba mtu aweza kuzigusa. Pale palitengenezwa upya, pakawekwa ngazi na mabaraza ya kukalia, na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2019 ikafanyiwa papo hapo. Pamependeza, nasema bila choyo.

Basi nikawa nimemaliza, najiona mwenyeji hodari. Usiku huo tukaketi mbele ya televisheni. Wasomaji watakumbuka kwamba mwezi huo mashindano ya CHAN yalikuwa yachezwa kwetu Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa siku ambayo Sudan iliifunga Nigeria mabao manne kwa nunge, na mchezo ulichezwa Zanzibar, katika uwanja wa Amaan. Taa zang'ara, nyasi kijani, na kwenye majukwaa mtu aona kofia za viua na buibui kama za mtaani kwetu hasa. Mpwa wangu akaruka kitako akaniuliza, "Mjomba, huo ndio uwanja wa hapa? Mbona hukunipeleka?"

Nikamwambia huo ni wa Unguja.

"Na wa hapa u wapi?"

Hapo ndipo mjomba mwenye bakora alipokosa la kusema, na ndipo yalipotoka makala haya.

Uwanja tulikuwa nao. Ulikuwa ni Uwanja wa Manispaa, na kwa sisi tuliokulia mjini katika miaka ya 1970 na 1980 haukuwa mahali pa mchezo tu. Chuoni tulikuwa na mapumziko Alhamisi baada ya adhuhuri na Ijumaa, na maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa hapendi kabumbu kwa sababu ya kaptura fupi zinazoacha mapaja wazi. Lakini ni yeye yeye aliyetufundisha kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha. Na mara moja, siku ya fainali, nilimwona kwa macho yangu amesimama nyuma ya lango, kashika tasbihi, na tasbihi haiendi. Hatukuambizana lolote siku ya Jumamosi, yeye wala mimi.

Marehemu babangu ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka. Njiani hadithi yake ilikuwa moja tu: Feisal. Kila mzee wa Mombasa alikuwa na Feisal yake, jinsi kila mshairi alivyo na Muyaka wake. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa bado changa, Feisal ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Kenya nzima na kuuleta kisiwani. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa Luo Union, na mwaka mmoja baada yake wakawa Abaluhya. Babangu akisimulia mabao ya Ali Kajo ungedhani yalifungwa jana. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nilipoingia uwanjani na kuziona zile nyasi nilikuwa nikiyaona mabao yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya mahali. Hadithi isiyo na mahali pa kuelekezwa kidole hufa pamoja na msimulizi wake.

Uwanja ule ulifungwa katika miaka ya mwisho ya muongo uliopita ili ujengwe upya, wa kisasa, wa kuweza kupokea mashindano makubwa. Tuliambiwa tusubiri kidogo, nasi tukafurahi. Majukwaa yakapanda, kazi ikasita, uchaguzi ukaja, serikali ya kaunti ikabadilika, ahadi zikaanza tena alifu kwa ujiti. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza uwanja ulipofungwa, sasa avaa suruali ndefu. CHAN ilipofika, mechi za Kenya zilichezwa Nairobi. Na mwaka 2023, Shirikisho la Kandanda la Afrika lilipozipa nchi hizi zetu tatu uenyeji wa Kombe la Mataifa la 2027, Amaan wa Zanzibar, uliofunguliwa mwaka 1970, ulikuwa ukikarabatiwa; na mwaka haukwisha kabla haujafunguliwa upya. Waungwana, Unguja si tajiri kutushinda. Sisi tuna bandari inayolisha nchi kadhaa.

Na tusidanganyane kwamba ni shida ya mashindano ya wageni peke yake. Mwaka 2019 timu yetu ya Bandari ilichukua ngao ya taifa na kupata nafasi ya kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Walikuja Al Ahly Shendi wa Sudan. Na sisi wenyeji tuliwapokea wapi? Kasarani, Nairobi, kilomita karibu 480 kutoka nyumbani. Wenyeji walipanda gari kama wageni wao. Shabiki wa Mji wa Kale, mwenye kijiduka cha viazi karai, aliisikiliza timu ya mji wake kwa redio, kana kwamba yacheza ng'ambo.

Hapo nyuma Mombasa haikuwa hivyo. Machi 24 mwaka 2007 dunia nzima ya wakimbiaji ilikuja hapa hapa kisiwani kwa mashindano ya mbio za nyika, katika uwanja wa gofu ulio ukingoni mwa bahari. Nilikuwako. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa hajashindwa mbio ndefu za mashindano hayo tangu 2002, alilemewa na joto letu na unyevu wetu akatoka njiani, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu alisema joto la Mvita halina upendeleo. Siku ile hakuna aliyeuliza kama Mombasa yaweza kupokea wageni.

Nimekaa nikafikiri kwa nini Ngome ikatunzwa na uwanja ukalala. Wako wasemao ni ubadhirifu, na wako wasemao ni siasa ya bara na pwani. Sikatai kuwa huenda yote yamo. Lakini naona lipo jambo jingine, nalo latuhusu sisi wenyewe. Ngome, milango, Pembe na Lighthouse ni vitu vya kutazamwa na mgeni. Mgeni akija huacha fedha, na akiona uchafu huenda akasimulia kwao. Uwanja wa mpira ni wa mtoto wa Majengo na Kuze na Mlango wa Papa, ambaye haachi fedha wala hana wa kumsimulia. Katika Mji wa Kale, ulio chini ya sheria ya uhifadhi, ukitaka kubadilisha roshani ya nyumba uliyorithi kwa babuyo sharti uombe idhini, na ni sawa. Lakini kiwanja walichochezea watoto wa mtaa kwa miaka arobaini chaweza kuzungushiwa mabati usiku mmoja, na asubuhi hakuna ajuaye ni cha nani. Nakijua kimoja cha namna hiyo. Ndicho tulichochezea sisi. Leo kina ghorofa, na mimi hupita upande wa pili wa barabara.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa na kumi na mmoja kama timu zote. Wawili wako Jeddah, mmoja ni imamu, mmoja ni nahodha, wengine twahangaika tu. Hakuna hata mmoja aliyeliwa na unga. Kizazi kilichotufuata hakikusalimika hivyo. Sisemi kuwa gozi la ng'ombe ni dawa ya unga. Lingekuwa dawa, mahospitali yangefungwa. Nasema kijana asiyekuwa na mahali pa kwenda kati ya alasiri na magharibi hupatiwa mahali na mtu mwingine. Waulize wanaoandaa mashindano ya mpira usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe: mwezi ule mtaa hulala kwa amani, kelele ni za mabao tu.

Mtu ataniambia Mbaraki pako. Kweli, Mbaraki pako, na Bandari yafanya ihsani kubwa kukitunza kiwanja chake, lakini hicho ni cha klabu, na kisiwa kizima hakiwezi kuegemea kiwanja kimoja.

Jioni ya mwisho mpwa wangu hakutaka tena kuonyeshwa kitu. Nikamfuata tu anakokwenda. Aliwasikia watoto nyuma ya nyumba zetu, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi upana wa nyumba mbili, malango yamewekwa kwa makubadhi na matofali. Akanipa saa yake nimshikie, akavua viatu, akaingia. Hakuna aliyemuuliza jina wala ametoka wapi. Walimwuliza acheza mbele au nyuma. Mimi nikageuza ndoo nikaketi, na kila mpira ulipoingia uani kwa jirani nilitumwa mimi kuuomba, kwa kuwa wao tayari walikuwa wamekwisha kutukanwa mara mbili.

Adhana ya magharibi ililia matokeo yakiwa mawili kwa mawili. Wakapatana kumalizia kesho baada ya alasiri. Mpwa wangu alikubali pamoja nao, naye ndege yake ilikuwa ni saa nne ya asubuhi.