Panga za Baghdad: Ushindi wa Nani?

Katikati ya Baghdad kuna jozi mbili za mikono mikubwa ya shaba iliyoshika panga zinazopishana juu ya barabara. Saddam Hussein aliizindua mwaka 1989 kusherehekea kuishinda Iran. Mfano wake ni mikono yake mwenyewe, na hapo zikawekwa kofia za chuma za wanajeshi wa Iran.

Tujiulize, ushindi gani? Vita vya 1980 hadi 1988 vilimalizika kwa kusitisha mapigano, bila mshindi. Waliouana ni Waislamu kwa Waislamu, malaki ya roho. Juu ya hayo, panga hizo zikapewa jina la Qadisiyya, vita vya karne ya 7 ambapo jeshi la Kiislamu liliwashinda Waajemi, wakati huo wangali Majusi. Kwa jina hilo tu, Muirani anayeswali akafananishwa na Majusi.

Mwaka 2007 serikali mpya ilianza kuzibomoa, ikasita. Mwaka 2011 ikaanza kuzikarabati. Bora zibaki. Zikiondoka, wajukuu hawatajua jinsi mtawala alivyoazima heshima ya dini kufunika damu. Lakini pawekwe na ubao wenye maneno ya kweli: hapa hakushinda mtu.