Mwandishi asisubiri maisha yatulie

Miongoni mwa wanaoandika riwaya na hadithi katika mikoa ya pembezoni, Rukwa ikiwemo, imeota mizizi imani kwamba kazi hiyo inataka maisha yaliyotulia. Mwalimu wa Sumbawanga mjini akihamishiwa Kirando au Mtowisa, anaweka mswada kando mpaka azoee kituo kipya. Muuguzi akijifungua, anajiambia ataendelea mtoto akianza shule. Mtumishi aliyechoka anasubiri afike miaka 60, astaafu, ndipo aandike. Imani hii inaua vipaji vingi kuliko uhamisho, uzazi au uzee wenyewe. Mabadiliko ya maisha hayamnyang'anyi mtu uandishi. Kinachomnyang'anya ni kung'ang'ania namna ileile ya kuandika wakati maisha yamekwishageuka, na sisi tulio karibu naye kumwachia mzigo wa mabadiliko hayo aubebe peke yake.

Historia ya fasihi yetu inathibitisha hilo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika akiwa karani wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote ya kazi: forodha, idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya Tanga, kisha upimaji ardhi. Alihamishwa, alifiwa na mke, alilea watoto. Katika hali hiyohiyo kikatoka kitabu chake Kusadikika mwaka 1951. Alimudu kwa sababu hakujifunga kwenye umbo moja la kazi: alikuwa na shairi, insha na riwaya, na siku isiyotosha kwa sura ya kitabu iliweza kutosha kwa beti chache. Hata wachapishaji walimchelewesha, kwani Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968, yeye akiwa kaburini. Angesubiri mambo yanyooke, tusingekuwa na vitabu hivyo.

Mwandishi wa riwaya na mashairi, Euphrase Kezilahabi, anatufundisha jambo jingine. Baada ya riwaya yake Gamba la Nyoka kutoka mwaka 1979, alikwenda Marekani kusoma, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985. Riwaya yake iliyofuata, Nagona, ilitoka mwaka 1990. Miaka kumi na moja bila riwaya mpya ni mingi, na mtu wa nje angesema kalamu imekauka. Lakini katikati ya kipindi hicho alichapisha mashairi, Karibu Ndani, mwaka 1988, na aliporudi kwenye riwaya hakuwa yule wa riwaya yake ya awali, Rosa Mistika, tena. Aliuacha uhalisia wa awali na kufungua njia ambayo riwaya ya Kiswahili haikuwa imeipita. Mabadiliko ya maisha yalikuwa yamempa cha kusema na namna mpya ya kukisema.

Wakulima wa Ufipa, mkoani Rukwa, wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Katika kilimo cha intumba, mvua zikikaribia kwisha, nyasi hukusanywa na kufunikwa kwa udongo, zikawa matuta ya mviringo. Nyasi zinaoza ndani huku maharage yakiota juu. Msimu unaofuata matuta yanabomolewa, ule udongo mweusi unasambazwa, na shamba linapandwa ulezi au mahindi. Asiyejua atadhani shamba lile limepumzishwa tu. Kumbe linalishwa, na mwenyewe bado anachuma maharage. Mwandishi aliyepata mtoto au aliyehamishwa naye ana maharage yake: hadithi fupi, kumbukumbu za mazungumzo, maelezo ya mhusika mmoja kwenye kaunta buku. Riwaya itakuja na msimu wake, ikikuta ardhi ina rutuba.

Nitapingwa kwa hoja kwamba mifano yangu ni ya wanaume, na pingamizi hilo lina uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na siku hizo ni za kupona na kunyonyesha. Mama wa kijijini asiye na ajira hana hata hizo; ana maji, kuni na palizi. Kumwambia aamke alfajiri aandike ni kumwonea. Ndiyo maana nasema mzigo huu si wake peke yake. Mume akishika mtoto na jiko kwa saa moja, jioni chache kwa juma, atakuwa amesaidia fasihi kuliko hotuba nyingi za kuwasifu wanawake.

Wengine watasema familia kwanza, vitabu havilishi watoto. Ni kweli kwamba havilishi, na sidai mtu amwache mgonjwa kitandani akaandike. Lakini ukurasa mmoja kwa juma haumnyimi mtoto chakula, ilhali kuacha kabisa kunamnyima mzazi sehemu ya utu wake, na kunaunyima mkoa sauti yake.

Kwa hiyo misaada yetu ifuate maisha ya waandishi yalivyo. Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, zimefanya kazi kubwa, ila zinamkuta mwandishi akiwa tayari na mswada uliokamilika. Anayekwama yuko sura ya tatu, na daftari lake linapanda lori la Fuso pamoja na magodoro na magunia kuelekea kituo kipya, nakala ikiwa hiyo moja. Halmashauri za Rukwa na maktaba zinaweza kumhifadhia nakala, kumpa msomaji wa kumrudishia maoni, na kutenga ruzuku ndogo kwa kazi zinazoendelea. Redio za Sumbawanga zinaweza kusoma hadithi fupi hewani. Hayo hayahitaji bajeti ya wizara. Yanahitaji tukubali kwamba mwalimu wa Mtowisa mwenye mtoto mchanga na sura tatu ni mwandishi leo hii, na kwamba anastahili kuhudumiwa kama mwandishi kabla hajamaliza kitabu.