Kukubali kwa kuchoshwa si kuridhia

Ni nadra siku hizi kufungua ukurasa katika intaneti bila kukabiliwa na ilani inayouliza iwapo tunakubali "kuki". Ilani yenyewe aghalabu huwa ya Kiingereza cha mawakili, nayo huziba nusu ya kioo cha simu. Kitufe cha kukubali huwa kikubwa, chenye rangi ya kung'aa. Cha kukataa, iwapo kipo, hufichwa nyuma ya kurasa mbili tatu. Mtu aliyekuwa akitafuta matokeo ya kandanda au bei ya mahindi hubonyeza ili apishwe njia. Nathubutu kusema kwamba huko si kuridhia.

Sina ugomvi na kuki zenyewe. Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alizibuni mwaka wa 1994 ili kutatua tatizo la kweli: tovuti ilikuwa haimkumbuki mtu aliyeitembelea dakika moja iliyopita. Kwa hivyo tovuti huacha maandishi mafupi katika simu au kompyuta ya mgeni, na anaporudi huyasoma na kumtambua. Ni mfano wa kile kibao chenye nambari tunachopewa mlangoni mwa duka kubwa tunapoacha mizigo. Bila hicho, mtu angejitambulisha upya kila anapogeuza ukurasa.

Kasoro ilizuka pale kampuni za matangazo ya biashara zilipopata nafasi ya kugawa vibao vyao katika maduka yasiyo yao. Kampuni moja ikiwa na tangazo lake katika tovuti elfu moja, humtambua mgeni yule yule kote huko: asubuhi amesoma kuhusu kisukari, mchana ametafuta mkopo, usiku ameangalia nafasi za kazi. Hajamwambia yeyote siri zake, ilhali taswira ya maisha yake imekwisha kuchorwa na mtu asiyemjua.

Wenzetu wa Ulaya wameanza kulipinga jambo hili mahakamani. Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla mtumiaji hajakigusa si ithibati ya ridhaa. Januari 2022, shirika la Ufaransa linalolinda data, CNIL, lilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukataa kuki kulikuwa na usumbufu kuliko kuzikubali.

Nasi hatukosi sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka ridhaa iwe wazi, mahususi, ya hiari, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Isitoshe, mzigo wa kuthibitisha ridhaa umetwikwa anayekusanya data, wala si mwananchi. Dosari iko katika adhabu: faini isiyozidi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Kwa kampuni kubwa, hizo ni pesa za chai.

Kwa sasa, msomaji asikae akingoja kuokolewa. Katika mipangilio ya kivinjari chake, chini ya faragha, anaweza kuzuia kuki za kampuni za nje na kufuta zilizorundikana. Atakayefuta atalazimika kuandika nywila zake upya. Ni adha ndogo. Safari huzizuia bila kuombwa tangu 2020. Google iliahidi mwaka huo huo kuziondoa katika Chrome, kisha ikaiacha nia hiyo 2024, kwa hivyo mwenye Chrome hana budi kujizuilia mwenyewe. Wala asidanganywe na dirisha la faragha: likifungwa husahau kuki, lakini halimfichi kwa tovuti anayoitembelea.

Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data nayo yafaa itoe agizo lisilo na utata: kitufe cha kukataa kiwe kando ya kile cha kukubali, kwa ukubwa ule ule, na ilani iandikwe pia kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Tovuti za mashirika ya umma zingekuwa za kwanza kutii.